Kimbunga Kina Jina. Je, Wewe Una Mpango?

Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari za ukanda wa pwani. Tumeyaweka hapa karibu kama yalivyosemwa, ili na wewe ambaye hukuwepo uyapate.

Mambo vipi, vijana? Naona wa mbele wamejibu, wa nyuma bado wanasinzia. Haya, tutaamshana taratibu.

Mmezoea nikija hapa naongelea UKIMWI, mimba za mapema na malaria. Leo naongelea upepo. Msigune! Mpaka tumalize utaona kwamba upepo huu safari yake inaishia zahanati, na mara nyingi inapitia chooni, kwa kuharisha.

Nina maswali mawili. La kwanza: kimbunga kilichopiga pwani ya Tanzania Mei 2024 kiliitwaje? Naona mikono yote juu. Hidaya! Safi sana. La pili: siku kile kimbunga kinakuja, nyumbani kwenu mlifanya nini? Loo, mbona mikono imeshuka?

Basi hapo ndipo yalipo mazungumzo yetu. Watu wengi wanajiuliza kama kukipa kimbunga jina kunasaidia watu kujihadhari. Mimi nasema linasaidia, lakini kwa hatua moja tu. Jina linafungua masikio. Miguu inahitaji kitu kingine.

MAJINA YANATOKA WAPI?

Zamani vimbunga vya kwetu havikuwa na majina. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba. Pemba ilinusurika, na baada ya hapo ndiyo ikawa kisiwa kikuu cha karafuu. Aprili 1952 kingine kikapiga Lindi na kuua watu. Vyote viwili tunavitaja kwa mwaka na mahali tu, basi.

Huko Queensland, Australia, mtaalamu wa hali ya hewa aliyeitwa Clement Wragge alianza mwishoni mwa karne ya 19 kuvipa vimbunga majina ya watu. Hata wanasiasa asiowapenda aliwagawia vimbunga vyao! Marekani walianza kutumia majina ya wanawake mwaka 1953, na ya wanaume yakaongezwa mwaka 1979. Upande wetu wa Bahari ya Hindi, majina yalianza msimu wa 1959/60.

Siku hizi nchi 15 za upande huu, Tanzania na Kenya zikiwemo, hupendekeza majina, na yanapangwa kwa alfabeti. Msimu unaanza Julai na kuisha Juni. Upepo ukifikia kilomita 63 kwa saa, wataalamu wa Madagascar au wa Mauritius, kutegemea dhoruba iko wapi, wanaipa jina linalofuata kwenye orodha. Kwa hiyo herufi yenyewe ni habari. Hidaya inaanza na H, maana yake ilikuwa dhoruba ya 8 kupewa jina msimu ule. Baadaye mwezi huohuo ikaja Ialy, ya 9.

Umeona sasa? Hakuna mtu aliyekaa akasema, "Hiki kibaya, tukiite hivi." Jina lilikuwa kwenye foleni tu. Wazee wa Kiswahili watakwambia hidaya ni zawadi. Zawadi gani hiyo inayokata barabara na kuangusha minazi? Jina halikuambii nguvu ya kimbunga hata kidogo.

Na hapa kuna kisa cha kuwachokoza wasichana na wavulana. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walitoa utafiti wakidai kwamba vimbunga vyenye majina ya kike viliua watu zaidi, eti kwa sababu watu hawaviogopi. Magazeti yakashangilia. Lakini wataalamu wengine wakauliza: kabla ya 1979 si vyote vilikuwa na majina ya kike? Na si ndio wakati ambao utabiri ulikuwa duni, kwa hiyo watu wengi zaidi walikufa? Pia vimbunga vichache vikubwa mno vilitosha kuipindisha hesabu. Kwa hiyo ukisikia "utafiti unasema", usikubali kabla hujauliza maswali kama hayo.

JINA LINASAIDIA NINI?

Hebu fikiri redio inatangaza: "Mgandamizo mdogo wa hewa ulio nyuzi 8 kusini na nyuzi 42 mashariki unaelekea magharibi." Wangapi mtamweleza bibi habari hiyo akaielewa? Lakini ukisema, "Bibi, Hidaya inakuja," naye akitoka anamwambia jirani, jirani anawaambia wavuvi. Jina ni fupi na linabebeka.

Jina pia linaondoa mkanganyiko. Chukua kimbunga Freddy cha mwaka 2023. Kilipewa jina Februari 6 karibu na Australia, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagascar, kikapiga Msumbiji, kikarudi baharini, kisha Machi 11 kikapiga Msumbiji mara ya pili. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kwamba hakuna kimbunga kilichowahi kurekodiwa kikaishi muda mrefu kama hicho, siku 36. Bila jina, nani angejua kwamba hiki kinachorudi ni kilekile cha juzi?

Kwa hiyo jina si mchezo wa watangazaji. Lina kazi yake. Tatizo linaanza pale tunapodhani kazi imekwisha.

JINA LILIJULIKANA, WATU WAKAFA

Tubaki na Freddy hukohuko. Baada ya kupiga Msumbiji mara ya pili, kiliingia bara kikapunguza upepo, kikaleta mvua Malawi. Malawi haina bahari. Jina lilikuwa redioni kwa zaidi ya mwezi. Lakini mvua ilipomwagika mfululizo, vilima vya Blantyre viliporomoka usiku juu ya nyumba za watu. Ukijumlisha waliokufa na waliopotea nchini Malawi, walizidi 1,000. Jina la kimbunga linamfanya mtu afikirie upepo. Kumbe kilichoua ni maji na udongo, tena mbali na bahari.

Sasa twende Ufilipino, Novemba 2013. Kimbunga kilichoitwa Haiyan, ambacho wenyewe Wafilipino walikiita Yolanda, kilikuwa kinaelekea mji wa Tacloban. Kilikuwa na majina mawili, na yote yalitangazwa. Watu walijua kinakuja. Walitangaziwa pia kwamba bahari itapandishwa na upepo, lakini kwa neno la kitaalamu la Kiingereza ambalo wengi hawakulielewa. Wakadhani ni mawimbi makubwa ya kawaida. Bahari ikainuka zaidi ya mita 5, ikaingia mjini, ikafika hata kwenye baadhi ya majengo waliyokimbilia watu. Nchi nzima walikufa zaidi ya 6,000. Baadaye wengi walisema, laiti wangeambiwa ni kama tsunami, wangekimbilia milimani.

Mita 5 ni zaidi ya urefu wa goli la mpira mara mbili. Unaona? Jina la kimbunga lilieleweka. Jina la hatari yenyewe ndilo halikueleweka. Ndiyo maana ukisikia kimbunga kinatajwa, usiishie kuuliza "kinaitwaje?" Uliza: "Kitatuletea nini hapa kwetu? Upepo, mafuriko, maporomoko, au bahari kupanda?"

WALIOPUNGUZA VIFO WALIFANYAJE?

Kama jina peke yake lingekuwa dawa, tungeona vifo vikipungua tangu siku majina yalipoanza. Angalia Bangladesh. Mwaka 1970 kimbunga kisicho na jina kiliua watu zaidi ya 300,000 huko. Mwaka 1972 wakaanzisha mpango wa watu wa kujitolea wa kutoa tahadhari vijijini. Lakini maeneo mengi yalikuwa bado hayana pa kukimbilia, na mwaka 1991 kimbunga kingine kikaua watu wapatao 138,000. Wakazidi kujenga majengo imara ya kujihifadhi. Mei 1997 kikaja kingine, nacho hakina jina. Safari hii waliokufa hawakufika hata 1,000.

Majina kwa upande ule wa bahari yalianza kutolewa mwaka 2004. Vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua kabla ya hapo. Mwaka 2007 kimbunga Sidr, chenye jina na chenye nguvu nyingi, kiliua watu zaidi ya 3,000. Mei 2020 kilipokuja Amphan, zaidi ya watu milioni 2 wa Bangladesh walihamishwa mapema, na waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi.

Siri yao ni nini? Leo wana watu wa kujitolea zaidi ya 70,000, nusu yao wanawake, wanaopita mtaa kwa mtaa na vipaza sauti na bendera. Anayekuja kukugongea mlango unamfahamu, ni jirani yako. Anakwambia uende wapi, na huko unakokwenda pana jengo imara. Jina likaja kukuta kazi imeshafanyika, likairahisisha zaidi.

"MBONA HAKIKUJA?"

Najua kuna mmoja ananong'ona: "Hawa watu wa hali ya hewa wanatutisha bure." Tuongee kiutu uzima. Aprili 2019, Mtwara walitangaziwa kimbunga Kenneth. Kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kikabomoa vijiji huko na kuua watu. Aprili 2021 kikatangazwa Jobo, kikaishiwa nguvu kabla ya kufika nchi kavu. Halafu Mei 4, 2024 Hidaya ikapiga kweli. Mafia ilipata upepo mkali, na mvua iliyofuata ikakata barabara ya kwenda mikoa ya Kusini huko Kilwa. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimeshasimamishwa. Fikiri zingekuwa na abiria katikati ya bahari.

Kipa akiruka kulia na mpira ukatoka nje, hamumzomei kwamba kajichafua bure. Kesho akisimama tu mpira ukaingia, mtamla nyama! Tahadhari nayo ni hivyohivyo. Ukijiandaa kimbunga kisije, umepoteza mchana mmoja. Usipojiandaa kikaja, hasara haina kipimo.

Na msijidanganye kwamba vimbunga havitufikii. Ni kweli ni vichache kwetu, kwa sababu tuko karibu na ikweta. Muulize mwalimu wako wa Jiografia akufafanulie kuhusu mzunguko wa dunia. Lakini angalia miezi niliyotaja: Aprili 1872, Aprili 1952, Aprili 2019, Aprili 2021, Mei 2024. Huo ni msimu wa masika, ardhi imeshalowa na mito imeshajaa.

MAAFA YASIYO NA JINA

Hili nataka mlishike kuliko yote. Aprili 25, 2024, siku 9 tu kabla ya Hidaya, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 Tanzania. Mvua hizo hazikuwa na jina kama Hidaya. Miezi michache kabla, Desemba 3, 2023, matope yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani. Nayo hayakuwa na jina. Hidaya, iliyosikika kila kona, iliua wachache mno ukilinganisha.

Kwa hiyo ukikaa unasubiri jina ndipo uchukue hatua, utasombwa na maji ambayo hayakubatizwa.

Kuna adui mwingine anayefika wakati jina limeshatoka redioni. Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji. Watu mamia wakafa. Upepo ukaisha, lakini visima vikawa vimechanganyika na maji ya vyoo. Kabla wiki mbili hazijaisha, kipindupindu kikathibitishwa. Wagonjwa walipita 6,000. Lakini waliokufa kwa kipindupindu hicho hawakufika hata 10. Kwa nini? Vituo vya tiba vilifunguliwa haraka, na chanjo ikaanza Aprili 3, ikawafikia zaidi ya watu 800,000. Kipindupindu kinaua haraka, lakini kinatibika. Ndiyo maana nimekuja mimi wa afya kuongea nanyi habari za upepo.

SASA MPANGO WAKO

Wewe ndiye unayesoma na kusikia matangazo. Nyumbani huenda wewe ndiye utakayemfafanulia mama, baba na bibi. Chukua kalamu.

1. Jua maneno ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Angalizo, rangi ya njano, maana yake kaa macho, fuatilia. Tahadhari, rangi ya chungwa, maana yake jiandae. Tahadhari kubwa, rangi nyekundu, maana yake chukua hatua sasa hivi. Ujumbe wa kwenye simu usiojulikana umetoka wapi usiusambaze.

2. Kubalianeni nyumbani mtakwenda wapi. Chagueni jengo imara, mahali pa juu, mbali na mto, bonde na ufukwe. Chagueni na njia mbili za kufika, kwa sababu moja inaweza kukatika. Mkipotezana, mtakutana wapi?

3. Msivuke maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya magotini. Huwezi kuona shimo lililo chini yake. Msikaribie waya wa umeme ulioanguka.

4. Upepo ukitulia ghafla, usitoke kushangaa. Inawezekana ni jicho la kimbunga linapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili.

5. Wekeni maji safi kabla, kwenye ndoo na madumu yenye vifuniko. Baada ya mafuriko, chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote, au tumieni dawa ya kutibu maji kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Maji ya matope yachujwe kwanza. Nawa mikono kwa sabuni kila utokapo chooni na kabla ya kula.

6. Mtu akianza kuharisha maji maji, mpe ORS palepale. Kama hakuna, chukua lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko viwe vya kusawazisha, chumvi isizidi. Anywe kidogo kidogo wakati mnampeleka kituo cha afya. Msingoje asubuhi.

7. Mwenye dawa za kila siku asiziache nyumbani. Kama unatumia ARV, dawa za TB, za kisukari, za pumu au za kifafa, zifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi yako ya kliniki. Huna haja ya kumweleza mtu yeyote ni dawa za nini.

8. Wasichana, beba pedi au vitambaa safi. Mkiwa mmehifadhiwa mahali penye watu wengi, usiende chooni usiku peke yako, nenda na mwenzako. Wavulana, mahali kama hapo hapampi mtu ruhusa ya kumshika mwenzake. Ukiona hayo yanatokea, toa taarifa kwa mtu mzima unayemwamini.

9. Chandarua kisisahaulike. Maji yakituama, mbu nao wanazaliana.

10. Kwa Tanzania, namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya Polisi ni 112. Ziandike ukutani, maana simu inaweza kuzimika.

KAZI YA JIONI HII

Sitawapa mtihani, lakini jioni hii mkiwa mnakula, waulizeni wa nyumbani maswali matatu. Moja: maji yakija usiku, tunakwenda wapi? Mbili: nani atambeba bibi, nani atambeba mtoto? Tatu: maji ya kunywa ya siku tatu tutayaweka kwenye chombo gani?

Kama mtabishana, vizuri. Bishaneni leo, wakati jua linawaka. Na kama nyumba ya jirani yupo mzee anayeishi peke yake au mtu asiyesikia vizuri, amueni kabisa nani atakwenda kumgongea mlango.

Msimu ujao orodha ya majina itaanza tena na A. Likitajwa jina lolote linaloelekea huku, mweleze bibi linaleta nini na mnakwenda wapi. Na mvua ikinyesha siku tatu mfululizo bila jina lolote, fanyeni vilevile.

Haya, wenye maswali? Na nyie wa nyuma, najua mko macho sasa.